Mtumbwi Juu ya Vichwa Vyetu

Mto Nabuyonga, ushukao kutoka upande wa Mlima Elgon na kuukata mji wa Mbale, si mto wa mitumbwi. Siku za kiangazi mtoto wa shule aweza kuuvuka kwa kuruka mawe, viatu vyake mkononi. Kwa hiyo lori liliposimama jioni moja mbele ya nyumba ya kupanga karibu na mto huo, na baada ya magodoro, masufuria na kuku kushushwa, ukafuata mtumbwi wa mbao wenye urefu wa mita 4, majirani walitoka nje kutazama. Wengine walicheka waziwazi. Mwenye mtumbwi, askari polisi aliyepata uhamisho kutoka Jinja, hakucheka. Alikuwa na swali moja tu, nalo ndilo lililonifikisha nyumbani kwake: auweke wapi?

"Uani hapana nafasi, na nje hatuuachi," alisema mkewe akinikaribisha kiti. "Mtumbwi huu tumeulipa kidogo kidogo kwa miezi minane, ndugu mwandishi. Kuna siku tulikunywa chai bila sukari kwa ajili yake."

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kuhama. Leo wako Jinja, kesho Mbale, keshokutwa Moroto, na kila uhamisho huleta shauri la vitu visivyoingia mlangoni. Baiskeli huegemezwa ukutani, kitanda hufunguliwa vipande. Mtumbwi haufunguliwi. Wengi hukata shauri la kuuacha ufukweni chini ya ulinzi wa jamaa, nao wakirudi baada ya miaka miwili hukuta ubao mmoja umekuwa benchi, mwingine kuni, na jamaa mwenyewe amehamia kwingine.

Bwana huyu alikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Kanuni za uvuvi za Uganda zimetaka mtumbwi wa kuvulia katika Ziwa Victoria usipungue urefu wa futi 28, na tangu wanajeshi walipoingizwa ziwani mwaka 2017 kuzisimamia kanuni hizo, mitumbwi mingi midogo imekamatwa na kuteketezwa. Mtumbwi wa mita 4 ni futi 13 tu. Yeye hakuwa akivua nao ziwani. Aliutumia kulishia samaki katika bwawa la shemeji yake, na siku za mapumziko kuwatembeza watoto penye maji matulivu. Lakini mtumbwi mdogo uliolala ufukweni bila mwenyewe hauna kinywa cha kujieleza. Tena ufukwe wenyewe haudumu. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata kuvuka kiwango kikubwa cha mwaka 1964, na watu wengi wa Jinja na vitongoji vyake waliona maji yakiingia mahali walipokuwa wakianika dagaa. Kwa hiyo bwana huyu alilipa nauli ya lori, akasafiri nao kilomita kama 140 hadi Mbale.

Basi, uani hapana nafasi na sebuleni pana viti. Palipobaki ni juu.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufikiri ni kuufunga mtumbwi kwa kamba na kuutundika kwenye kenchi za paa. Mimi nasema hapana, na ninayo sababu ya nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto, baba alitundika mtumbwi mdogo katika jiko letu la nje, juu ya mahali ambapo mama aliketi kupepeta mtama. Kamba zilikuwa za katani, nzuri na nene, nazo zilikuwa zimetumika kuvutia nyavu kwa muda mrefu. Zilinuka samaki. Usiku panya walizitafuna polepole, bila mtu kujua, na usiku mmoja mtumbwi ukashuka kwa kishindo kilichowaamsha majirani wa nyumba ya tatu. Ungo wa mama ulikuwa chini yake. Mama alikuwa kitandani, na kwa muda mrefu baada ya hapo baba hakupenda kisa hicho kitajwe mezani.

Tuseme uzito wa kitu chenyewe, kwa maana watu huukadiria kwa macho na macho hudanganya. Mtumbwi wa mita 4, wenye upana wa karibu mita moja na mbao za unene wa sentimita 2, pamoja na mbavu zake na viti, hukaribia kilo 90 ukiwa mkavu. Ukitoka majini, mbao zikiwa zimenywa, hupita kilo 100 bila shida. Hilo ni gunia la mahindi. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe alale chini ya gunia la mahindi lililoning'inia kwa kamba moja, lakini mtumbwi, kwa kuwa ni mrefu na umbo lake ni la kupendeza, huonekana mwepesi.

Bwana yule alimwita fundi wa mtaani, mzee aliyepata kuwa mwanajeshi miaka mingi iliyopita na ambaye bado husimama wima kama yuko gwaride. Mzee aliingia, akatazama juu, akagonga kenchi kwa fimbo yake.

"Afande," alisema, "paa hili lilijengwa kufunika. Halikujengwa kubeba."

"Lakini Mzee, mbao zake ni nene."

"Ni nene kwa bati. Tena ni mkaratusi uliopigiliwa mbichi. Tazama ulivyojipinda."

Mzee alikuwa na haki. Kenchi za nyumba zetu nyingi hukadiriwa kubeba mabati, upepo, na labda dari nyepesi. Uzito wa kuning'inia katikati ya boriti ya chini huivuta boriti hiyo mahali ilipo dhaifu kuliko pote, na misumari, ambayo ilipigiliwa ili kuzuia mbao zisiteleze, huanza kung'olewa taratibu. Dalili huonekana kwanza kwenye bati: tundu la msumari hupanuka, na mvua ikinyesha tone huanguka. Watu huziba tundu kwa lami na kusahau kutazama kilichosababisha.

Ushauri wa mzee, ambao naona ndio sahihi, ulikuwa kuuacha uzito ushuke katika kuta na paa lisiguswe kabisa. Katika nyumba ile palikuwa na ukumbi mwembamba wa kupitia, wenye upana usiofika mita 2, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Mzee alitoboa matundu manne ukutani, mawili kila upande, akayatia saruji na kuyaacha yakauke siku kadhaa. Kisha akakata boriti mbili za inchi 2 kwa 4, akazipitisha kutoka ukuta huu hadi ule, kila ncha ikiingia ukutani kiasi cha sentimita 10. Mtumbwi ukalala juu ya boriti hizo kama mtu juu ya kitanda. Kamba zilizotumika kuupandisha hazikubakizwa na mzigo wowote.

Katika boriti hizo lipo jambo dogo ambalo wengi hulikosea. Ubao wa inchi 2 kwa 4 ukilazwa bapa hupinda upesi. Ukisimamishwa wima, ule upande wa inchi 4 ukielekea juu, nguvu zake huwa mara mbili, na ukaidi wake dhidi ya kupinda huwa mara nne. Ubao ni ule ule, bei ni ile ile. Nimeona rafu za maduka, vitanda na hata madaraja madogo ya mitaro yakilegea kwa kosa hili tu.

Ukuta lazima uwe wa kubeba. Matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji yanafaa. Ukuta wa fito na udongo haufai kutobolewa. Hapo zichimbiwe nguzo nne chini, mbili kila upande, na boriti zikae juu ya nguzo. Na mwenye nyumba ya kupanga amwombe ruhusa mwenye nyumba kabla ya kutoboa, maana ugomvi wa tundu ni ugomvi mrefu.

Kwa wale wakaao katika unipoti, vile vibanda vya duara vya bati vilivyoenea katika kambi za polisi tangu enzi za ukoloni, sina habari njema. Unipoti haina kenchi wala boriti. Ni bati lililojishikilia lenyewe. Hata kamba ya kuanikia nguo huivuta. Usitundike chochote. Njia iliyobaki ni nguzo nne nje, karibu na kibanda, zenye kipaa kidogo, na mkuu wa kambi aombwe kwanza. Nguzo hizo zifunge boriti zake kwa bolti, na mtumbwi ufungwe chini imara, kwa sababu upepo wa kabla ya mvua ukiingia chini ya mtumbwi uliofunikizwa huunyanyua kama kofia.

Sasa kuupandisha. Watu wanne wenye nguvu wanaweza kuuinua mtumbwi wa kilo 90 hadi kifuani, lakini kutoka kifuani kwenda juu ya kichwa ndipo migongo huvunjika na vidole husagika. Kapi husaidia, ila zieleweke. Kapi moja iliyofungwa juu haipunguzi uzito hata kidogo. Hugeuza tu upande wa kuvuta. Kapi ya pili inayotembea pamoja na mzigo ndiyo ipunguzayo nusu. Ukifunga kapi mbili juu na mbili chini, kamba nne hugawana mzigo, na kilo 90 huvutwa kwa nguvu ya kilo 23 hivi, pamoja na kidogo cha msuguano. Malipo yake ni urefu wa kamba: kuupandisha mzigo mita 2 huna budi kuvuta mita 8. Mzee wetu alitumia seti mbili, moja mbele na moja nyuma. Ndoano za juu alizifunga kwenye gogo nene lililolazwa juu ya kuta kwa kazi hiyo tu. Askari akavuta mbele, kijana wa jirani akavuta nyuma, na mzee akatoa amri kama zamani: moja, pumzika, mbili, pumzika. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama chini, na watoto walipelekwa kwa jirani wakiwa wamenuna. Mtumbwi ulipovuka kimo cha matundu, boriti zikapitishwa chini yake, kisha ukashushwa taratibu ukakaa.

Ulikaa kifudifudi. Wapo wapendao kuuweka chali, na katika mikanda ni rahisi zaidi, lakini mtumbwi uliolala chali nyumbani hugeuka ghala. Wiki ya kwanza huwekwa makasia. Ya pili, sanduku la nguo za sikukuu. Mwezi ukiisha pana gunia la mkaa, redio mbovu na viatu vya marehemu babu, na uzito umekuwa maradufu bila mtu hata mmoja kuukumbuka. Panya nao hupata nyumba. Ukiwa kifudifudi, kingo zake mbili hubeba sawasawa, vumbi halitulii ndani, na hakuna awezaye kuongeza kitu.

Boriti zisiwe kwenye ncha za mtumbwi. Mtumbwi ulioshikwa nchani huzama katikati kadiri miezi ipitavyo, na ulioshikwa katikati tu huinamisha ncha zake. Kwa urefu wa mita 4, sentimita 90 kutoka kila ncha ni mahali pazuri. Shauri hili lawafaa pia wenye kayaki za plastiki, ambazo tangu mchezo wa maji makali ya Nile uanze kuleta wageni Jinja katika miaka ya 1990 zimeingia katika nyumba za vijana wengi wa huko. Kayaki ya namna hiyo haizidi sana kilo 20, na kwa wepesi wake huning'inizwa kwa vishikio vyake vya nchani. Joto la chini ya bati huilainisha, nayo hubonyea. Iwekwe juu ya mikanda miwili mipana, na isigusane na bati.

Joto hilo la bati ndilo adui wa mtumbwi wa mbao pia. Watu wa ziwa hili ni mafundi wa mitumbwi wa tangu zamani: ile ya Sese ilishonwa ubao kwa ubao kwa nyuzi za miti, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa na kikosi kizima cha majini chini ya mkuu aitwaye Gabunga. Mitumbwi ya leo hupigiliwa misumari. Mbao zikikauka upesi husinyaa, hupasuka penye misumari, na nafasi kati yake hufunguka hata mwanga upite. Kwa hiyo mtumbwi usipelekwe juu siku ile ile utokayo majini. Uoshwe matope, ndoana na vipande vya nyavu viondolewe, kisha ukae kivulini juma moja au mawili, ukigeuzwa mara kwa mara. Uwekapo juu, acha nafasi ya nusu mita kati yake na bati. Nyumba ile haikuwa na dari kwenye ukumbi, na nafasi ilitosha.

Wazee walipendelea kuweka vyombo vya mbao juu ya meko, kwa kuwa moshi huwafukuza wadudu. Ni kweli kwamba moshi huwafukuza. Ni kweli pia kwamba cheche hupanda juu, na mtumbwi uliopakwa mafuta ya injini yaliyotumika, kama ilivyo desturi ya wengi, ni kuni iliyotayarishwa. Katika nyumba, mafuta hayo hudondoka juu ya nguo na harufu yake haitoki. Afadhali mafuta ya kitani, yakipakwa kidogo na kuachwa yakauke. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke, yasirundikwe pembeni, kwani huweza kushika moto yenyewe. Injini ya mtumbwi, kama ipo, isipandishwe kabisa. Ikae chini, wima, na petroli isiingie nyumbani.

Ukaguzi ni kazi ya mara moja kwa mwezi. Tazama sakafu chini ya mtumbwi: unga mwembamba wa mbao ni habari ya dumuzi. Tazama ukutani: mstari wa udongo unaopanda ni mchwa. Gonga boriti penye ukuta na usikilize.

Nilimwuliza mama mwenye nyumba kama watoto hulala chini yake. Alitikisa kichwa. Hakuna kitanda wala mkeka katika ukumbi ule, na sehemu ya chini ya mtumbwi iko zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, hivyo hata bwana wake, ambaye ni mrefu, hupita bila kuinama. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Majirani waliocheka siku ya lori hawacheki tena. Wanasema afande ana akili, kwa kuwa Nabuyonga ukifurika tena yeye ataokoka.

Hakuna mtu wa Mbale asiyekumbuka usiku wa tarehe 30 Julai kuamkia 31, mwaka 2022. Mvua kubwa ilinyesha, Nabuyonga na mito mingine ikavunja kingo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ule mto wa kuruka mawe ulibeba miti, mawe na magari. Kwa ajili hiyo niliwaomba waume na wake wa mtaa ule, nami naomba hapa tena, wasiuhesabu mtumbwi huu kuwa chombo cha wokovu. Maji ya mlimani huja kwa dakika chache, usiku, yakiwa na magogo. Mtumbwi wa mita 4 ndani yake hupinduka kabla mtu hajashika kasia. Na kuushusha kutoka juu kwahitaji watu watatu, kapi na saa nzima ya mchana. Maji yakianza kuongezeka, watu washike watoto na kupanda mahali pa juu kwa miguu, mapema, na mtumbwi uachwe pale ulipo. Askari mwenyewe alikubaliana nami mara moja. Jirani mmoja alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Uhamisho wa kurudi Jinja utakapokuja, mtumbwi utakuwa umekauka kabisa, na usitiwe majini papo hapo. Utavuja kama kikapu, na wengi hapo hudhani umeoza wakauuza kwa bei ya kuni. Nyufa kubwa zizibwe kwanza kwa kalafati, yaani pamba inayoshindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu. Mafundi wa pwani huilowesha kwanza katika mafuta ya nazi. Nyufa ndogo ziachwe. Kisha mtumbwi uzamishwe penye maji ya kina kifupi, uwekewe mawe ndani ili usielee, na ukae siku tatu au nne hata mbao zinywe na kuvimba. Siku ya kwanza mapovu hutoka kila mahali. Siku ya pili hupungua. Yakikoma, mawe huondolewa, maji huchotwa kwa kopo, na mwenyewe huingia peke yake, bila watoto, apige makasia karibu na ukingo na kutazama miguuni pake.

Nilipoaga, mzee fundi alikuwa bado ukumbini, akipitisha mkono juu ya ncha ya boriti. Alikuwa ameona ufa mdogo kwenye saruji ya tundu la nne, na alitaka kuujaza kabla ya kwenda nyumbani.